Sayari ya Muthoni

Tulimzika Daktari Mbugua huko Theta, kwenye shamba alilonunua ili akistaafu apande maparachichi. Miti yenyewe ilikuwa imeanza kuzaa, na waliokuja mapema walikuwa wameweka viti vya plastiki chini yake badala ya kukaa kwenye hema. Mimi nilikaa hemani, safu ya nyuma, kwa sababu nilijua hotuba zitakuwa nyingi na sikutaka mtu anione uso. Wakazungumza majirani, akazungumza mzee wa kanisa, wakazungumza watu wa chuo. Kisha mwenye kipaza sauti akasema, "Sasa tutamsikiliza mtoto wa Daktari katika masomo, yule aliyegundua sayari." Hakutaja jina. Hema zima liligeuka, na Muthoni akasimama na gauni lake jeusi, miwani imepandishwa kichwani, akatembea kwenda mbele bila haraka kama mtu anayepita sebuleni kwake. Mbele yangu walikaa wamama wawili waliokuwa wakijipepea kwa vijitabu vya ratiba. "Ni huyu?" mmoja akauliza. "Ni yeye. Anakaa Ujerumani." "Ngai, na bado hajanenepa." "Na huyu wa nyuma yetu, si ndiye walisoma pamoja?" "Huyo ni wa Thika tu. Anafundisha." Waliyasema haya kwa sauti ya chini, ile ya chini inayosikika kuliko ya juu.

Anafundisha. Ni kweli, nafundisha fizikia katika chuo kimoja Thika, na jioni nikimaliza kusahihisha nafanya kazi nyingine ambayo wale wamama hawangeijua. Lakini neno lile "tu" halikuniondoka, na nikiwa nimekaa pale nikimsikiliza Muthoni akiwachekesha waombolezaji, nilirudi kwenye mwaka mmoja ambao sijawahi kuumaliza vizuri. Watu husema wivu ni moto. Wangu haujawahi kuwa moto. Ni kama kiungulia: unaweza kuishi nacho miaka, ukafanya kazi, ukaolewa, ukalea watoto, ukacheka, halafu siku moja ukala kitu kidogo tu, ukakisikia kimepanda kooni. Siku ile ya maziko nilikuwa sijala chochote.

Mwaka ninaousema ni ule barabara kubwa ya Thika ilipokuwa ikichimbwa. Mimi na Muthoni tulikuwa tunasomea shahada ya pili chini ya Daktari Mbugua, na tulikodi chumba kimoja Mugutha kwa Mama Kibe. Vyumba vyake vilikuwa vimejipanga mstari mmoja, milango ya chuma iliyopakwa rangi ya kijani, mfereji mmoja uani. Vumbi la barabara lilipita chini ya mlango likatulia juu ya kila kitu, kwenye sufuria, kwenye mito, kwenye sukari. Vitanda vyetu vilitenganishwa na leso niliyoitundika mimi, kwa sababu upande wa Muthoni haukuwa upande wa kutazamwa. Nguo zake zililala juu ya kiti changu. Kijiko chake kilikaa ndani ya kikombe changu. Alichelewa kila mahali na hakuna aliyemnunia. Hilo ndilo lililonisumbua kuliko vitu vyake vyote, kwamba watu walimpa Muthoni vitu. Mwuza parachichi wa njia panda alimwongezea moja bila kuombwa, na mimi nikinunua palepale, kwa mama yuleyule, nilipewa niliyolipia. Mama Kibe, aliyewafokea wapangaji wote kuhusu maji, alimwambia Muthoni, "Wee oga tu, maji yatapatikana." Nilikuwa nayahesabu haya. Sikuwa nimeamua kuyahesabu, lakini nilikuwa nayahesabu.

Mama Kibe hakuelewa tulichokuwa tukisomea, lakini kilimfurahisha. Mwanzoni alidhani sisi ni wanajimu wa kutabiri, akaniletea mkono wake niusome. Muthoni alipomweleza kwamba tunatafuta sayari zinazozunguka nyota nyingine, mbali sana, alisimama na ndoo yake akafikiri. "Hiyo praneti mnatafuta," akasema, "mkiipata, tutahama huko?"

"Huko ni moto, Mama Kibe," Muthoni akamjibu. "Utaiva kama chapati."

"Basi wacha nikae hapa na wapangaji wangu." Na toka siku hiyo kila tukirudi alituuliza praneti imepatikana ama bado, kama mtu anayeuliza habari ya ng'ombe aliyepotea.

Watu hufikiri kazi hii ni ya darubini na baridi ya usiku. Yetu ilifanyika mchana, katika chumba cha chuo kilichokuwa zamani stoo ya mbegu na ambacho hakikuwahi kuacha kunuka mahindi yaliyotiwa dawa. Daktari alikuwa ameomba kompyuta kuukuu kutoka kila idara, akazifunika kwa vitambaa vya mezani ambavyo mkewe alivifuma, kwa sababu ya vumbi. Juu ya kompyuta hizo tulisoma mwanga wa nyota uliokusanywa na darubini iliyo angani na kuachwa wazi kwa yeyote mwenye subira na intaneti. Sayari ya nyota nyingine huioni. Unachoona ni nyota yenyewe ikipungua mwanga kidogo sana, kama balbu ya verandani mdudu anapopita mbele yake, kisha mwanga unarudi. Ikipungua tena baada ya muda uleule, na tena, unaanza kutumaini. Kwenye skrini nyota ni mstari wa vitone, na sayari, kama ipo, ni kibonde kidogo katika mstari huo. Tulitazama mistari siku nzima. Mimi niliipitia kwa mpangilio, ya kwanza hadi ya mwisho, na nilipomaliza kundi moja niliandika tarehe. Muthoni aliifungua ovyo, mmoja huku mwingine kule, akitafuna kitu. Daktari alipita nyuma yetu, mikono mgongoni, mzee mwembamba mwenye sweta la shingo ya V hata wakati wa jua, na kila mara alisimama zaidi nyuma ya kiti cha Muthoni. Labda ni kwa sababu ya kumwonya asimwage makombo juu ya kibodi. Sikuiona hivyo.

Mimi ndiye niliyepata kwanza. Hili halikusemwa Theta. Nilipata kibonde kirefu, safi, kinachorudi kwa wakati wake kama mtu wa kazi, na nilipomwita Daktari aliinama, akavua miwani, akaivaa tena. "Nyambura," akasema, "hii ni nzuri." Hakuwa mtu wa kusema mambo ni mazuri. Nilirudi Mugutha nikapika chapati za ploti nzima, na maharagwe ya madondo, nikawaita wapangaji wote uani, na Mama Kibe akaniombea mbele ya watu, akimshukuru Mungu kwa ajili ya praneti ya Nyambura. Muthoni alikula kuliko wote na alifurahi kuliko wote. Alinikumbatia mikono yake ikiwa na mafuta. Namkumbuka akisema, "Aki Nyambura, utakuwa na yako mbinguni kama malaika," na namkumbuka akimaanisha, kwa sababu Muthoni hakuwa na wivu hata kidogo, na hata hilo nililionea wivu.

Siku chache baadaye alikuja kusimama nyuma yangu na gunzi la mahindi ya kuchemsha. Nilikuwa naandaa michoro ya kumwonyesha Daktari. Alitazama kwa muda, akitafuna.

"Hivi vibonde si sawa," akasema.

"Havifai vipi?"

"Sijasema havifai. Havilingani. Kimoja kirefu, kinachofuata kifupi kidogo. Kirefu, kifupi, kirefu, kifupi. Hebu angalia."

"Ni makosa madogo ya mtambo wa darubini tu."

"Labda," akasema, akarudi kwenye kiti chake kumaliza mahindi.

Sikuhitaji kuangalia tena. Sayari ikipita mbele ya nyota yake hula kiasi kilekile cha mwanga kila inapopita. Vibonde vikipishana, kirefu kwa kifupi, basi unatazama nyota mbili zinazozungukana, kubwa ikiiziba ndogo, halafu ndogo ikiiziba kubwa. Nilikuwa nimetazama mstari ule kwa wiki kadhaa nikiupenda, na yeye aliutazama kwa muda wa kutafuna punje chache. Daktari hakunikasirikia. "Ndivyo kazi hii ilivyo," akaniambia. "Nyingi hufa." Kisha akageuka upande wa pili wa chumba. "Muthoni, umeona vizuri." Ninaweza hata leo kusema aliyaweka wapi mapumziko katika maneno hayo.

Jumamosi tulikula kwa Daktari, Ruiru, nyumba ya mawe iliyokuwa upande wa mashamba ya kahawa, ambayo sasa yamekuwa magorofa. Chumba cha kulia kilikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki cha maua, kabati la vyombo vya wageni ambavyo havikutolewa kamwe, na picha ya harusi ambamo Daktari alikuwa na nywele. Mkewe, Mama Njeri, alipika mukimo wa kijani, viazi na mahindi vilivyopondwa na majani ya malenge, na nyama ya mbuzi iliyokaangwa ikakauka, na chai ilikuwa ikichemka kwenye jiko tangu tunaingia hadi tunatoka. Mama Njeri alipakua yeye mwenyewe. Nilitazama mwiko ukitua kwenye sahani ya Muthoni na ukitua kwenye yangu, na nikijidharau kwa kutazama, nikazidi kutazama. Jumamosi moja baada ya sayari yangu kufa nilibeba sahani kuzipeleka jikoni, nikasikia sauti zao kabla sijafika mlangoni. Walikuwa wakiongea Kikuyu, kwa utulivu wa watu walioishi pamoja muda mrefu. Nilijua wanachozungumzia. Kulikuwa na nafasi moja tu ya kwenda Ujerumani kufanya shahada ya uzamivu, na jina moja tu ambalo Daktari angelipeleka.

"Kati ya hawa wawili utampeleka nani?" Mama Njeri akauliza.

"Nyambura ni mwangalifu," akasema. "Muthoni ana jicho."

"Si basi umpeleke mwangalifu? Jicho bila uangalifu si litaingia shimoni?"

Daktari alicheka. Mimi nikarudi nyuma polepole na sahani zangu nikaziweka mezani, mbele ya Muthoni, aliyekuwa bado akitafuna kipande cha nyama alichokichukua kwenye sahani yangu. Nimefundisha watu wengi tangu siku hiyo. Nimejaribu kutomwambia yeyote kwamba ni mwangalifu.

Muthoni alipata yake msimu wa mvua ndefu, wakati vumbi la barabara lilipogeuka kuwa tope nasi tukafika chuoni tumebeba viatu mkononi. Kilikuwa kibonde kidogo mno, kama kovu la tetekuwanga. Programu iliyotuchambulia mistari ilikuwa imekikataa, ikakitupa pamoja na takataka, na yeye ndiye aliyekuwa na tabia ya kuchokora kwenye takataka. Hakumwita Daktari. Alivuta kiti chake hadi karibu na changu, akaongea kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakulizoea.

"Nimeona kitu. Usimwambie mzee bado."

"Kwa nini?"

"Iue kwanza. Ukishindwa kuiua, tutampelekea."

Niliitazama. Nilijua kabla sijagusa chochote kwamba ilikuwa nzuri, vile unavyojua mtoto wa jirani ni mrembo. Nikamwambia nitaiangalia nikipata muda. Kesho yake niliondoka Mugutha kabla hajaamka, na uji wangu kwenye chupa ya chai, nikafungua stoo ya mbegu mwenyewe, nikaanza.

Sijawahi kufanya kazi yoyote vile nilivyofanya ile. Nililinganisha vibonde vyake kimoja kimoja kuona kama vinapishana kama vyangu. Vililingana. Nilitafuta kama nyota nyingine zilizosomwa na kipande kilekile cha mtambo zilipungua wakati uleule, kwa sababu hiyo ingekuwa hitilafu ya mtambo. Hazikupungua. Nilitafuta kama nyota yenyewe ina madoa yanayoizunguka na kuififisha. Ilikuwa nayo, lakini yalikuja kwa saa yake na kibonde kikaja kwa yake. Nilipima muda wa kibonde dhidi ya ukubwa wa nyota, ukapatana. Kila mtihani ulioshindwa kuiua ulinifanya nitafute mkali zaidi. Nilisoma makala ambazo hakuna aliyenituma nizisome. Muthoni alikuja saa zake, akaniuliza, "Bado iko hai?" nami nikasema, "Bado," kwa sauti ya mtu mwenye kazi, naye akaenda kutafuta chai.

Halafu nikapata jirani. Karibu kabisa na nyota ya Muthoni kulikuwa na nyota nyingine hafifu, imebanwa nayo kiasi kwamba darubini ile iliziona kama moja. Kama ile hafifu ndiyo iliyokuwa nyota mbili zikizungukana, kama yangu, basi kibonde kilikuwa chake, na sayari ya Muthoni haikuwepo. Niliinuka kwenye kiti nikazunguka chumba. Nilifungua dirisha. Sitasema nilisikitika kwa ajili yake. Kulikuwa na njia moja ya kujua: nyota inapopungua, kitovu cha mwanga husogea kidogo upande wa pili wa ile inayofifia. Kama kingesogea, ingekuwa imekufa. Nilipima siku ile na siku zilizofuata, mvua ikipiga mabati ya stoo hata usisikie mtu akiongea, na kila nilipopima nilitamani kisogee. Hakikusogea. Nilibadilisha njia ya kupima. Hakikusogea. Mwishowe nilikaa mikono mapajani nikatazama kile kibonde kidogo, na nikajua kwamba kuna dunia pale, na kwamba duniani kote hakuna mtu mwenye uhakika nayo kuliko mimi, na kwamba si yangu.

Muthoni alipofika nilimwambia, "Nimeshindwa."

"Umeshindwa kabisa?"

"Kabisa."

Alikaa sakafuni palepale, mgongo ukutani, akaanza kulia na kucheka, viatu vyake vya tope mbele yake.

Mbele ya Daktari alieleza vibaya. Alianza katikati, akasahau kipimo cha nyota, akaonyesha mchoro usiofaa. Daktari aliuliza maswali kwa upole wake ule unaotisha. Je, vibonde vinalingana? Muthoni akanigeukia, "Nyambura alikagua." Nikajibu. Je, mtambo? "Nyambura alikagua." Nikajibu. Akauliza kuhusu nyota jirani, ambayo nilidhani hakuna mtu angeifikiria ila mimi, nikasimama nikamwonyesha kitovu cha mwanga kilivyokataa kusogea, njia ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nilipomaliza nilikaa. Daktari alivua miwani akaifuta kwa ncha ya sweta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nilimngojea. Alimtazama Muthoni, akasema, "Muthoni, umepata sayari."

Ilibidi darubini kubwa za watu wengine ziitazame nyota ile kuona kama inayumba, kwa sababu sayari huivuta nyota yake kidogo inapoizunguka. Daktari aliandika, akaomba, akangoja, sisi tukaendelea kula mukimo Jumamosi. Jibu lilikuja tukiwa mezani kwake. Simu ilikuwa verandani, akatoka, akarudi amesimama mlangoni na ndara zake, uso umemlegea kama wa mtoto. "Inayumba," akasema. Mama Njeri alipiga ngemi, vigelegele vya furaha, hadi wafanyakazi wa kahawa wakajibu kutoka ng'ambo ya ua. Alimkumbatia Muthoni kwanza, akamwinua kutoka chini. Kisha akanikumbatia mimi, baada ya kidogo, kama mtu aliyekumbuka kwamba kuna wageni wawili. Kule Mugutha Mama Kibe alichinja kuku. Aliniona nimekaa kwenye ngazi ya mlango wangu, akaja kukaa karibu nami na sahani.

"Na wewe Nyambura, ile yako iko wapi?"

"Yangu ilikuwa nyota mbili, Mama Kibe. Haikuwa praneti."

Alifikiri, akanipa paja. "Si mbili ni nyingi kuriko moja?"

Nilicheka hadi nikatokwa na machozi, na alidhani ni kicheko tu.

Nafasi ya Ujerumani ikaenda lilikokuwa jicho. Daktari aliniita peke yangu kuniambia, akaniambia vizuri, akasema kutakuwa na nafasi nyingine, na pengine kama angeishi umri wa miti kungekuwa nayo. Siku Muthoni aliposafiri watu walijaa ua wa Mama Kibe, wakaomba, wakapiga picha, na mimi nilikuwa Thika tangu asubuhi nikisimamia mtihani katika kazi niliyokuwa nimeianza mwezi huo. Ningeweza kuomba ruhusa. Niliporudi jioni, nusu yake ya chumba ilikuwa imepangwa. Alikuwa ametandika kitanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mwaka mzima. Niliiteremsha ile leso, na chumba kikawa kikubwa kiasi cha kunikera.

Makala yake ilipopelekwa jaridani, wahakiki walirudisha maswali mengi, makali, na Muthoni aliniandikia kutoka kule: "Nyambura, hawa watu ni kama wewe. Nisaidie." Niliyajibu yote. Nilikuwa nimejiuliza mengine yaliyowazidi. Ilichapishwa, jina lake mbele, langu huko nyuma baada ya Wazungu ambao sijawahi kuwaona. Lakini mmoja wa wahakiki wale alitaka kujua ni nani aliyefanya vile vipimo vya nyota jirani, akaniandikia, akaniuliza kama ningeangalia sayari ya kwao kabla hawajaitangaza. Niliiua katika wiki moja. Wakanitumia nyingine. Hiyo ndiyo kazi ninayoifanya jioni, mezani pangu Thika, watoto wakiwa wamemaliza kula: watu wa nchi nyingi wananitumia sayari zao, na mimi nazijaribu. Nyingi hufa. Zile zinazonishinda hutangazwa, na aliyeziona kwanza huitwa mgunduzi. Muthoni ameziona nyingi tangu wakati ule. Kila ya kwake ikinifikia naikagua kuliko za wengine, na sijawahi kuiua hata moja.

Theta, baada ya kaburi kufunikwa na maua kuwekwa, watu walipanga foleni ya pilau na kabeji, na Muthoni akanikuta nyuma ya hema nimeshika sahani ambayo sikuwa nimeigusa. Tulikuwa hatujaonana ana kwa ana kwa miaka.

"Sasa, Nyambura."

"Poa. Umeongea vizuri."

"Nilisahau kukutaja."

"Nilisikia."

Alitaka kucheka, akaacha. Mvi zimeanza kumtoka hapa mbele, na zimemkaa vizuri. Alichukua kipande cha nyama kwenye sahani yangu akakila, kama zamani.

"Mwaka ule," akasema, "ulitaka ife. Si ndiyo?"

Ningeweza kumwambia mambo mengi. Mzee wetu alikuwa ardhini hatua chache kutoka pale. "Ndiyo," nikasema. "Hata niliomba."

"Nilijua. Nilikuwa nakusikia ukiondoka asubuhi na chupa yako. Ulidhani nimelala. Nikawa nasema, huyo, anaenda kuiua."

"Na bado ukaniachia?"

"Ningempa nani?" Aliniangalia, na hakukuwa na utani usoni mwake. "Mzee alikuwa ananipenda. Mama Njeri ananipenda. Hata Mama Kibe. Ningempelekea yeyote kati yao doa la ukutani, wangeniambia ni sayari."

"Na mimi?"

"Wewe uliitaka iwe yako," akasema. "Ukishindwa kuiua wewe, basi ipo."

Mtu akamwita kutoka upande wa kaburi. Familia ilikuwa inapiga picha, na Mama Njeri, aliyezeeka sasa na kushikwa pande zote mbili, alikuwa akiuliza yuko wapi yule msichana. Muthoni alinigusa bega akaenda. Niliona mpiga picha akimsogeza, karibu zaidi, karibu zaidi, hadi akawa amesimama pale hasa ambapo Mama Njeri angeweza kumshika mkono. Nilisimama na sahani yangu nikiyarudia aliyoniambia, nikiyakagua vile nilivyozoea, upande huu na upande huu, nikitafuta mahali pa kuyavunja. Sikupata. Yalikuwa kweli, na kuwa kweli hakukuniondolea kitu. Bado naitaka.